Siku Mama Alipofuata Dohani

Namba 17, Mtaa wa Wafinyanzi,
Devkapar,
Gujarat.
3 Septemba 2016

Mpendwa Dada Mukta,

Kaa kitako kwanza, maana mdogo wako uliyemwacha si huyu tena. Bahati imenishika shati na haitaki kuniachia. Tajiri Bhovan amenifanya msimamizi wa tanuri la pili. Nina kiti changu, nina feni juu ya kichwa, nina filimbi shingoni, na vijana kumi na wanne wakiniona wanaficha sigara. Darasa la sita sikumaliza, wewe ni shahidi, na leo waliosoma chuo wananiita mkubwa. Bahati ingekuwa kitu cha kukata ningekutilia kipande humu ndani ya bahasha.

Haya, sasa salamu. U hali gani, Dada? Mgongo wa Shemeji Natvar unaendeleaje na baridi ya Kanada? Urvi bado anakataa mboga? Sisi huku ni wazima. Labhu mke wangu ni mzima na ananenepa, usimwambie kwamba nimesema. Mama ni mzima. Narudia, Mama ni mzima, na hivi ninavyoandika amekaa mlangoni anachambua dengu huku akinisema kwamba nashika kalamu kama mtu aliyeshika nyoka mkia.

Umenikataza kukujibu kwa simu, eti kwenye simu nafanya mzaha, nikibanwa nasema mtandao umekatika. Umetaka karatasi. Umeuliza kama ni kweli Mama alipotea, na kama ni kweli, kwa nini usije sikukuu ya Diwali umchukue akakae kwako moja kwa moja. Najua aliyekupigia ni Jivi wa duka la vitambaa. Mdomo wa yule mama haujawahi kulala njaa. Lakini safari hii hakusema uongo. Mama alipotea.

Ili uelewe, lazima ujue kwamba Devkapar uliyoiacha haipo. Ulipoolewa tulikuwa na barabara moja, sinema moja iliyovuja, na dohani moja, ile ya matofali mekundu ya kiwanda cha vigae cha mzee Popat. Leo viwanda vimeota kama uyoga baada ya mvua. Shamba la ufuta la kina Jivi ni maghorofa. Bwawa tulilokuwa tukiogeshea nyati limefukiwa, sasa ni maegesho ya malori. Vumbi jeupe linatanda mpaka kunguru wetu wote wamegeuka njiwa.

Na watu! Wametoka Bihar, wametoka Odisha, wametoka kwingine ambako hata sijui kutaja. Nami, kwa mdomo wangu huu unaoujua, nilikuwa wa kwanza kuwacheka. Wale wa Odisha huloweka wali kwenye maji usiku kucha, kesho yake wanakwenda nao kazini kwenye ndoo. Kila nikiwapita nawaambia, "Jamani, hapo mnakula au mnafua?" Wenzangu wanaangua kicheko, nami nasonga mbele kama mfalme.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha njia ya kurudi nyumbani? Ukitoka hekaluni, weka dohani bega la kushoto, tembea, usiulize mtu. Nani aliyejua jina la mtaa? Namba ya nyumba ilikuwa ya nini? Dohani ilikuwa inatosha. Mama alitembea hivyo miaka hamsini.

Sasa, Dada, ile dohani ilibomolewa miaka minne iliyopita, nami sikumwambia. Macho yake yameingia ukungu, kutoka barazani haoni mbali. Lakini kila jioni huuliza, "Harji, dohani ipo?" Nami hujibu, "Ipo, Mama, inavuta sigara yake kama kawaida." Anacheka, anakwenda kulala. Niliona ni wema usiogharimu kitu.

Siku yenyewe ilikuwa ya Shitala, mungu wetu wa kike. Unaijua siku hiyo, meko yote yanapumzika na kila mtu anakula kiporo cha jana. Matanuri ya kiwandani hayana dini, yenyewe yanaunguruma tu, na Mama kila mwaka huenda kwa mungu wake kuyaombea radhi. Nikampakia nyuma ya pikipiki, nikamshusha kwenye ngazi za hekalu. Ndiyo siku hiyo hiyo tajiri aliniita kwa habari ya cheo. Nikamwambia Mama, "Kaa hapa nusu saa, usisogee."

"Nisogee niende wapi, kwani mimi mbuzi?"

Nusu saa ikawa masaa mawili. Niliporudi, ngazi zilikuwa tupu. Mzee anayelinda viatu akanitazama juu mpaka chini. "Mama yako kaondoka kitambo. Nilimwambia asubiri. Akanijibu kwamba yeye haelekezwi njia ya nyumbani kwake."

Nikacheka. Kweli, nilicheka. Kisha nikainua macho, nikaanza kuhesabu dohani zilizosimama mbele yangu. Nilipofika ishirini na saba niliacha. Nilijua alichofanya. Ameona kitu kirefu cheusi kwenye ukungu wake, amekiweka bega la kushoto, ameanza kutembea. Hiyo dohani ikiisha kuna nyingine, na nyingine, mpaka barabara kuu ya malori.

Nilizunguka na pikipiki kama kichaa. "Mmemwona mama mmoja mfupi, sari nyeupe, mikono imechanjwa michoro ya kijani?" Nimeuliza wauza chai, nimeuliza wapiga pasi, nimeuliza madereva. Wote wageni. Walinitazama kama nimeuliza njia ya kwenda mwezini. Dada, mji niliozaliwa, mji ambao mbwa wake nilikuwa nawajua kwa majina, sikupata mtu mmoja wa kuniuliza, "Harji, kuna nini?"

Sasa sikiliza upande wa Mama, jinsi alivyonisimulia mwenyewe.

Alifika nyuma ya viwanda, kwenye vyumba vya mabati wanakolala vibarua. Jua lilikuwa la kukaanga. Alikuwa amesimama ameshika ukuta wakati mwanamke mmoja wa Odisha, jina lake Kuntala, kazi yake kuchagua vigae vilivyopasuka, alipotoka akamshika mkono. Hawakuelewana hata neno. Akampa maji. Unamjua Mama, hajawahi kunywa maji ya nyumba ambayo hajauliza jina la babu yao. Siku hiyo alikunywa. Kisha akaletewa bakuli la wali wa maji, chumvi na pilipili mbichi. Mama akatia kidole, akaona ni baridi. Akaonyesha meko kwa mkono, kama kuuliza, mmewasha leo? Kuntala akampeleka, akamgusisha jivu. Baridi. Wali ulipikwa jana.

Mama akala mabakuli mawili, na Shitala hakuwa na la kusema.

"Harji," aliniambia baadaye, "wale watu wanashika siku ya Shitala kila siku ya Mungu. Sisi tunashika mara moja kwa mwaka na tunaringa."

Mume wa Kuntala anaitwa Bikram, anaendesha kile kigari cha magurudumu matatu, anabeba makatoni ya vigae. Lugha yetu anaijua ya kuhesabia makatoni tu.

"Bibi, nyumba wapi?"

"Kwenye dohani."

"Dohani gani?"

"Ala! Dohani ni dohani!"

Basi Bikram akashusha makatoni ya watu, ingawa wenyewe walikuwa na haraka zao, akampakia Mama mbele na mkewe nyuma, wakaanza kukagua dohani za Devkapar moja baada ya nyingine. Hii? Siyo, hii nyembamba. Hii? Hii ya bati, mwanangu, unanifanya mtoto? Karibu nusu ya mji waliimaliza hivyo, Mama anapapasa na kukataa kama mtu anayechagua nazi sokoni. Mwisho wakamkuta mzee Chhagan, yule muuza chai, bado yu hai. Akamwambia Bikram, "Ya matofali? Hiyo ilikwisha anguka. Mpeleke pale kwenye maduka ya masinki."

Nami nilikuwa nimekwenda pale pale, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Palipokuwa na dohani ya Popat wamepanga masinki na vyoo vya kukaa, safi, vinang'aa. Nilisimama mbele ya vyoo hivyo nikalia. Mwambie Shemeji acheke, namruhusu.

Ndipo kigari kikaja, Mama amekaa mbele kama bibi harusi. Akashuka, akanyoosha uso juu, akanusa.

"Harji, dohani iko wapi?"

"Ilibomolewa, Mama."

"Lini?"

"Miaka minne."

Kuntala alikuwa bado amemshika mkono. "Na ile niliyokuwa nikikuuliza kila jioni?"

"Nilikuwa nautunza moyo wako, Mama."

"Moyo wangu uko salama, mjinga wewe. Miguu yangu ndiyo iliyotaka kuambiwa."

Kisha akauliza msingi wa dohani ulikuwa upande gani. Nikamwonyesha. Akageuka, akaweka masinki bega la kushoto, akaanza kutembea. Tukamfuata, mimi, Kuntala na Bikram, kama vifaranga. Hakukosea hata kona moja. Alisimama mlangoni kwetu kabla Labhu hajafungua.

Kesho yake nilipeleka sanduku la peremende kwenye vile vyumba vya mabati. Bikram alikuwa anakula. Akaniangalia, akatabasamu. "Karibu, kaka. Tunafua."

Dada, aibu ile sikuandikii. Nilikaa chini, nikala naye.

Namshukuru Mungu kila ninapoamka. Nawashukuru wale watu wawili ambao mji wetu haukuwapa hata kivuli, na kivuli kidogo walichonacho wakampa mama yetu. Kuntala sasa huja Jumapili, Mama humsuka nywele, kila mmoja anaongea lugha yake na hawamalizi. Labhu amemfundisha Mama namba ya nyumba, naye huitamka asubuhi baada ya sala, "kumi na saba, Wafinyanzi," kama sehemu ya ibada. Jioni akiuliza kuhusu mji, namwambia kilichopo na kilichobomolewa.

Wewe ndiye mkubwa, utaamua. Nilimuuliza Mama kuhusu Kanada. Akasema, "Huko nikipotea, nitamkuta nani anayekula kiporo?" Naomba umwache hapa. Njoo Diwali, ukae naye, umwone mwenyewe.

Nisalimie Shemeji Natvar, Urvi na kaka yake, na shangazi Rambha ukimpigia. Mungu awape afya, na awafungulie mlango wa jirani mwema kabla hamjamhitaji.

Nilitaka kutia sahihi hapa. Lakini huwezi kuamua habari ya Mama kwa uongo wangu. Cheo hakuna. Tajiri hakuniita. Nilikwenda mwenyewe kuomba, nikangoja mlangoni kwake masaa mawili, akanipita bila kunitazama. Kiti sina, filimbi sina, bado nasukuma toroli la vigae. Mama nilimwacha juani kwa ajili ya kiti ambacho hakuna mtu aliyeniahidi.

Mdogo wako anayekupenda, hilo halina chumvi,
Harji