Zamu ya Fauzi

Kairo, 20 Februari 1958

Shangazi Mwanamkasi, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta umeketi kibarazani kwako Ngamiani, goti limepoa, na sauti yako bado inafika mtaa wa tatu. Mimi mzima. Baridi ya huku ni ya kuuma mifupa, lakini nimepata koti la mtu aliyekuwa mrefu kuliko mimi.

Uliniuliza naishi na nani. Naishi na kijana wa Kifalastini anaitwa Fauzi, mtu wa Yafa. Walifukuzwa huko yeye akiwa mtoto, na nyumba yao sasa wanakaa wengine, lakini ukimwuliza kwao wapi hatakutajia mahali pengine. Baba alifia njiani. Mama na dada zake wako Ghaza, kambini. Anapika dengu vizuri, na anakoroma.

Yeye na wenzake wana harakati yao, changa, haijapata hata jina. Inaongozwa na halmashauri ya ndani, watu tisa, Fauzi akiwa mmoja wao, na hao tisa ndio huamua kila kitu: nani aingie, nani atoke, nani atumwe wapi. Hukutana Alhamisi chumbani kwetu, maana askari kanzu wa huku hawana habari na Mwafrika anayesoma dini. Siasa zao sizijui sana wala sijifanyi kuzijua. Kurudi kwao wanakubaliana. Yaliyobaki ni ugomvi: wa Yafa hamwachii wa Ghaza atangulie kusema, na wa Haifa hamwachii yeyote. Anayetoa maneno nje hutolewa, na baada ya hapo hakuna atakayemwitikia hata salamu.

Juzi wakaniomba niwe mgawa zamu, kwa kuwa mimi sina mji kwao wa kupendelea. Nikakumbuka chama chako cha lelemama. Nikatoa lile pepeo la ukindu ulilonitilia mzigoni, nikawaambia: mwenye pepeo ndiye msemaji, wengine kimya, na mgawa zamu mwenyewe hasemi neno. Walicheka, lakini wametii. Fauzi anasema ni mara ya kwanza kumwona yule wa Haifa amefunga mdomo bila chakula ndani.

Nisalimie wote wanaoniuliza.

Mwanao,
Sadalla


Ngamiani, Tanga, 16 Machi 1958

Mwanangu Sadalla, marahaba.

Sisi wazima, goti halijapoa na sauti ndiyo hiyo uliyoiacha. Mvua haijanyesha, madafu yamepanda bei, na vijana wa TANU wamekuja tena kutaka chama kikaimbe kwenye mkutano wao. Nimewaambia waje na adabu, wasije na haraka.

Barua yako imetupa raha mpaka tumesahau chai. Nimeisoma kibarazani baada ya laasiri, wote wapo, na palipofika pepeo nilirudia mara mbili kwa sababu hawakuamini. Pepeo la Ngamiani linawanyamazisha Waarabu Misri! Wanawake wamepiga vigelegele mpaka watu wakadhani pana harusi. Wengine walioikosa wamenitaka niisome tena Ijumaa, nikaisoma.

Sasa sikiliza, maana kuongoza watu nakujua. Usimpe pepeo wa kwanza yule anayelitaka sana. Na wawili wagomvi usiwakalishe wakitazamana, wakalishe bega kwa bega, mtu hapati raha ya kumtukana asiyemwona macho. Huyo Fauzi mpe salamu zangu, mwambie ana mama wa pili Tanga.

Jumbe, mtoto wa fundi cherehani wa Makorora, atakuja huko kusoma baada ya Idi. Alikuwepo nilipokuwa ninaisoma barua yako. Ana kiherehere, lakini ni mtoto wa kwetu, mpokee.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Kairo, 25 Mei 1958

Shangazi, shikamoo.

Natumai nyote wazima. Mimi afya ninayo. Barua hii uisome peke yako.

Jumbe amefika. Siku ya pili tu, ndani ya mkahawa uliojaa watu, akasimulia kwa Kiarabu chake kipya kwamba mtu wa kwao, jina hakulitaja, ndiye anayewagawia zamu wakubwa wa Kifalastini, kwa pepeo la shangazi yake. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anajivunia. Wiki hiyo wawili wa halmashauri wakakamatwa, wakalazwa ndani siku chache, wakaulizwa habari za pepeo; chumba hawakukitaja. Wameachiliwa, lakini wamerudi na swali: nani kasema?

Mimi hawanifikirii. Mimi ni mgeni, tena nasoma dini. Wanamfikiria Fauzi, kwa kuwa ndiye anayelala chumbani na ndiye anayependa kuzungumza na watu. Halmashauri itakaa baada ya Idi ya kuchinja, wenzao wa Ghaza watakapofika. Wakimtoa, shangazi, Fauzi hana kitu tena. Mji hana, nyumba hana, hawa watu ndio mji wake. Nikisema mimi, neno litafika kwa wenye serikali, watanirudisha Tanga na masomo yataishia hapo, na yeye atajua kwamba siri yao niliitoa mimi kwa mkono wangu ili kuwafurahisha watu wa kibarazani.

Hajaniuliza. Anapika dengu kama kawaida.

Nifanye nini? Nijibu upesi.

Mwanao,
Sadalla


Ngamiani, 9 Juni 1958

Mwanangu Sadalla, marahaba.

Sisi hatujambo. Nimeisoma peke yangu kama ulivyosema, na watu wamenuna.

Kwanza nilikasirika. Kwetu barua ya mtu wa mbali si ya mmoja, inasomwa watu wakasikia, ndivyo ilivyokuwa tangu baba yangu akiandika kutoka Unguja, na wewe unalijua hilo, umekulia mguuni pangu ukisikiliza. Ungeandika "shangazi, funika," ningefunika. Hukuandika. Baadaye nikakasirika na nafsi yangu, maana mimi nina chama, najua neno la ndani ni lipi, na nililisoma mara mbili kwa vigelegele.

Unaniuliza ufanye nini, nawe unajua. Kwenye chama chetu aliyetoa neno nje husimama mwenyewe kabla hajatajwa. Simama, mwanangu. Masomo yapo hata Lamu. Kisha uwasomee haya yangu, uyageuze Kiarabu, usiyapambe:

"Kwa halmashauri ya ndugu zetu wa Falastini. Mimi Mwanamkasi binti Mbwana, malkia wa chama cha lelemama, Ngamiani, Tanga. Maneno yenu niliyatoa nje mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu, nikiwa na furaha. Fauzi sijapata kumwona. Mkitaka mtu wa kumtoa, nitoeni mimi, ingawa simo."

Posta siiamini tena, barua zinafunguliwa. Hii nimempa mpishi wa meli iendayo Suezi, mtu wa Chumbageni, ameapa ataifikisha mkononi mwako.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Kairo, 22 Julai 1958

Shangazi, shikamoo.

Natumai mko salama. Mimi mwili mzima.

Nitaeleza kwa mpango, maana nikianza na la mwisho sitafika. Mpishi wako ni mwaminifu, lakini meli yake ilikaa Adeni ikitengenezwa. Barua yako niliipata halmashauri imeshakaa.

Ilikaa siku ya tatu baada ya Idi. Nikagawa zamu. Kila mmoja alisema lake, na wengi walisema lile lile, kwamba anayelala chumbani ndiye anayejua, na anayejua ndiye aliyesema. Zamu ya Fauzi ilipofika nilimpa pepeo kwa mkono wangu. Akalishika, akanitazama, akampa aliyekaa kuliani kwake. Nilidhani ni kiburi. Ningeweza kusimama pale pale. Nilijiambia mgawa zamu hasemi, sheria niliyoitunga mwenyewe, na huku najiambia nilikuwa najua kwamba naogopa tu. Wakainua mikono. Sita walitaka atoke, wawili abaki.

Ngazini aliwasalimu, hawakuitikia. Nilimsindikiza mpaka stesheni. Akaniambia, "Soma, umalize," akapanda treni ya Ghaza.

Barua yako ilipofika nilimwendea Jumbe. Akaniambia kwamba Fauzi alimfuata kabla ya Idi, akamwuliza habari za pepeo alizipata wapi, naye akamweleza yote: barua yangu, kibaraza chako, vicheko. Basi siku ile Fauzi alikuwa anajua. Aliketi mbele yangu anajua, akalipitisha pepeo.

Alhamisi iliyofuata nilisimama. Niliwasomea maneno yako, nikaongeza yangu. Walisikiliza kwa heshima. Mkubwa wao, mwalimu wa hesabu, akasema huyu mama ana adabu kutushinda sisi sote. Kisha akasema uamuzi umepita. Wakiufuta itawabidi wanitoe mimi, na wakinitoa mimi wanakosa chumba, na Kairo nzima hawana chumba kingine cha salama. "Fauzi ni mtu mmoja," akasema. Wakaendelea na mambo mengine. Mmoja akaniuliza kama maji ya chai yamechemka.

Nikaenda kuyachemsha.

Mwanao,
Sadalla


Ngamiani, 9 Agosti 1958

Sadalla, marahaba.

Hatujambo.

Nimefika pale kwenye chai nikaiweka barua chini, nikatoka nje nikafagia uwanja uliokwisha fagiwa.

Sikulaumu kwa meli. Sikulaumu hata kwa siku ile uliyonyamaza, uoga ni wa watu wote na mimi nimo. Lakini ulisimama, ukasema, wakakwambia chumba kina thamani kuliko mtu, nawe ukaona hayo ni majibu. Hawakukusamehe, mwanangu. Wamekupanga. Wewe ni mlango wao na birika lao.

Mimi nimesimama mbele ya chama changu Jumatano. Nimewaeleza nililofanya na lililompata kijana wa watu, kisha nikavua umalkia. Walilia, wakasema mambo ya Misri yanatuhusu nini. Nikawaambia yalituhusu tulipokuwa tunacheka. Sasa ninakaa nyuma na wapiga matari, na goti limefurahi.

Nenda Ghaza. Sijui njia yake wala ruhusa yake, wewe ndiye uliye huko. Kamtafute kwa mama yake, umwambie kwa mdomo wako kwamba unajua alichokufanyia. Akikufukuza, afukuze, ni haki yake. Kama itabidi uache masomo, uyaache.

Usiniandikie mpaka umemwona uso wake. Nasema hivi nikiwa nakupenda, na itaniuma mimi kuliko wewe.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Ngamiani, 3 Desemba 1958

Mwanangu Sadalla,

Salamu, na hali yako sijui. Natuma kwa anwani ile ile kwa kuwa sina nyingine. Kama hupo hapo, atakayeipokea ataona ni maandishi ya mwanamke mzee, ataitupa.

Hukuandika. Nilikukataza, najua. Sikudhani ningeweza kuvumilia, na siwezi, ila nimenyamaza. Watu wanapita wananiuliza barua ya Sadalla iko wapi, nawajibu ana kazi. Vuli imekuja ya kutosha. Chama kimekwenda kuimba TANU, na malkia mpya ana haraka kuliko hao vijana.

Jana nilikuwa Makorora kwa fundi, nashonesha kanga. Imekuja barua ya Jumbe, na baba yake kwa furaha akaanza kuwasomea wateja wote. Akasoma salamu, akasoma baridi, kisha akasoma kwamba wale jamaa wa Alhamisi bado wanakutana pale pale kwenye chumba cha zamani, na aliyewafungulia mlango wiki iliyopita ni . . .

Nikamwambia, baba Jumbe, kunja barua. Akashangaa. Nikasema, hayo si ya dukani, kunja. Akaikunja, akaitia chini ya cherehani, watu wakanitazama kama nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba ningenyoosha shingo kidogo ningelisoma jina mwenyewe.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nataka sana kujua.

Shangazi yako,
Mwanamkasi