Upande wa Nne wa Shuka la Mtoto

Wifi yangu Zaituni,

Sijui nikuandikie kama mtu aliye Uvira au kama mtu aliye... basi, nakuandikia tu. Mtoto amezaliwa. Ni msichana, ana paji lako la uso, na shuka lake halijaisha.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Nilikuwa bibi harusi mgeni hapa Buyenzi, nimekaa kwenye cherehani yako nikiogopa hata kanyagio. Ukanipa biye, ule ukanda mwembamba wa kitambaa uliokatwa mshazari, nivishe ukingo usichanike nyuzi. Mie nikaona rahisi! Nikauvuta, nikashona, nikakuletea kitambaa kimejikunja kama jani la muhogo lililokaukia juani. Ulicheka mpaka ukashika mbavu.

"We unavuta sana! Biye haivutwi, inafuata yenyewe. Fumua, wifi."

Nikafumua. Mara nyingine nikaanzia upande wa nje badala ya wa ndani, mshono wote ukabaki waziwazi. Fumua. Na kona, wallahi, mpaka leo siielewi. Nisimamishe sindano kabla ya ukingo, nikate uzi, nikunje biye kwenda juu, halafu niishushe. Juu halafu chini, kwa nini? Niliuliza, nikauliza tena, ukasema, "Mukono utajua mbele ya kichwa." Mkono wangu haujui kitu, si kabla ya kichwa wala baada yake.

Mimba ilipoonekana ukaanza shuka la mtoto, la njano, biye ya kijani. Ukashona pande tatu ukaacha. Nikadhani uzi umeisha.

"Apana, wifi. Kwetu nguo ya mutoto haifungwi yote akiwa tumboni. Akizaliwa, upande wa mwisho ni wa shangazi yake. Iyo ni ya mi, usiiguse."

Kisha asubuhi moja ukatoka kupeleka sare za shule mtaa wa Mutakura, risasi zikaanza huko, njia ikafungwa. Jirani mmoja anasema alikuona na watu wanaovuka mpaka kukimbilia Uvira. Mwingine anasema si wewe. Nikilala na jibu hili, naamka na lile.

Sasa shuka linachanika nyuzi upande ule wa nne. Kaka yako anasema, "Shona tu, mutoto anapata baridi." Mama mkwe anasema tungoje, maana mtu mwingine huushona pale tu shangazi akishakufa. Nimsikilize nani? Nikishona, si nitakuwa nimekuzika kwa sindano? Nisiposhona, mtoto ana kosa gani? Nimechanganyikiwa, wifi. Na nimekukasirikia, nikwambie ukweli. Sare zile zingengoja.

Jana mvua ilinyesha, mtoto akapiga chafya, nikakaa kwenye cherehani. Nimeshona. Biye nimeivuta, mshono umetokea nje, kona imevimba kama kidole kilichogongwa nyundo. Mama mkwe alipoona akaanza kulia. Nikachukua wembe nifumue, kisha nikauweka chini.

Sifumui. Nimemwambia Mama asilie, upande huu bado haujashonwa, nimeuharibu tu, na mwenye kuurekebisha yupo. Njoo uone nilivyokuharibia shuka. Njoo, Zaituni, uniambie fumua.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
asiyejua kona