Chujio la Hewa Lililooshwa kwa Sabuni

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Gilgil. Mimi ni mzima. Mguu wako unaendeleaje? Mama bado anakukataza kupanda trekta, au umemshinda?

Najua Simiyu, mtoto wa shangazi, amekupigia simu akakuambia nimeua injini ya gari la watu huko Dundori na ndiyo maana nimefutwa kazi. Baba, nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Simiyu hakuwepo. Nilikuwepo mimi, kwa hivyo nisikilize mimi.

Unajua kazi niliyokuwa nayo: kukusanya maziwa ya wakulima kila asubuhi kwa pikapu ya Mzee Kariuki na kuyateremsha Nakuru mjini. Kiangazi hiki barabara ile ni vumbi tupu, laini kama unga. Ulivyonifundisha ndivyo nilivyofanya. Kila Jumamosi nilifungua kile kisanduku kando ya injini, nikatoa chujio la hewa, nikaligongagonga polepole kwenye tairi vumbi lidondoke, nikalishika kuelekea jua nione kama lina tundu, kisha nikalirudisha. Maji hata tone sikuligusisha, kwa sababu ni karatasi.

Mama Njeri, mke wa Mzee, alinipenda kama mwanawe. Akaniona nikikohoa lile vumbi, akasema, "Wekesa, wacha hiyo. Nitakuwa nasafishanga mimi." Nikadhani atalikung'uta tu. Hapo kosa ni langu na silifichi: mwezi mzima sikufungua kisanduku.

Kumbe! Wale ni watu wa ng'ombe, Baba. Kwao kitu cha kuchujia kikichafuka kinachemshiwa maji, kinafuliwa kwa sabuni, kinaanikwa. Kila Jumamosi, nikiwa mazoezi ya kwaya, chujio letu lilioshwa pamoja na vitambaa vya maziwa, likatundikwa navyo kambani, likarudishwa jeupe pe. Karatasi ikalegea, gundi ikaachia, vumbi likapata njia hadi ndani ya injini. Gari likaanza kutoa moshi wa buluu, likanywa oili, likashindwa kupanda mlima hata na mitungi mitupu. Mara mbili nilimwambia Mzee tulipeleke kwa fundi. Alinijibu, "Wewe endesha."

Basi likazima njiani, na maziwa ya watu yakaharibika juani. Fundi alipoifungua injini alinionyesha mikwaruzo ndani ya silinda. "Boss, hii engine imekula vumbi. Nani aliosha hii air cleaner?"

Mama Njeri alikuwa amesimama pale pale. "Ni mimi. Si chujio ni chujio?" Kisha akaelewa, akajishika mdomo.

Mzee naye alikuwepo, alisikia kwa masikio yake mawili! Kesho yake akaniita kando ya zizi. "Wekesa, wakulima wanauliza maziwa yao. Waambie uliendesha bila air cleaner. Watakusamehe, na kazi utabaki nayo."

"Na tukisema ukweli, Mzee?"

"Niseme bibi yangu ndiye aliua gari? Wewe si wa hapa, watasahau. Mimi ndiye nitabaki na hawa watu."

Eti si wa hapa! Miaka minne nimewabebea maziwa, nimewakimbizia wagonjwa hospitali, nimechimba nao makaburi, leo si wa hapa! Jina ulilonipa ni tambara la kupangusia matope? Nikamwambia kosa langu nitalisema mbele ya watu, lakini la kusingiziwa sitalibeba. "Basi weka funguo hapo," akasema. Nikaziweka juu ya ukuta. Ule uongo akausema mwenyewe, na ndio uliomfikia Simiyu.

Chujio lenyewe nimelifunga kwa gazeti ndani ya kifurushi hiki. Lishike kuelekea jua ujionee.

Juzi asubuhi nilirudi kuchukua nguo zangu. Pikapu imewekewa injini nyingine, na dereva mpya alikuwa akipakia maziwa, wakulima wamepanga foleni. Hasira ikaniambia nipite tu, hata hii ife. Nikafika langoni, nikarudi. Gari halijanikosea kitu. Nikafungua kisanduku, nikamwonyesha yule dereva: kugonga polepole, kuangalia kwenye jua, chujio likichoka linunuliwe jipya, maji hapana.

Mama Njeri akatoka jikoni, mikono ina povu. "Rudia hapo kwa maji, wote wasikie," akasema. Nikarudia. Akawageukia wakulima. "Huyu kijana ndiye alikuwa analitunza. Mimi ndiye nililiosha."

Foleni nzima ikamgeukia Mzee Kariuki. Akainamia daftari lake la maziwa, akajifanya anaandika. Kazi hakunirudishia, na sikuiomba.

Kwa sasa ninakaa hapa Gilgil kwa mwenzangu wa kwaya, ninatafuta usukani mwingine. Nisalimie Mama, dada yangu Nafula na watoto wake, na mjomba anayechunga lile duka la mbolea.

Ni mimi mwanao, mwenye hasira lakini mwenye afya,

Wekesa