Kipande cha Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimekata kitabu! Mimi, niliyemgombeza mke wangu kwa kukunja kona ya ukurasa. Lakini daktari kasema alale kwa ubavu, asinyanyuke mpaka miezi ya mimba itimie, na kitabu chenyewe kizito kama tofali. Kila akikiinua kinamwangukia. Basi nikakipeleka kibandani kwangu, nikachukua kisu cha kukatia ngozi za viatu, nikakigawa vipande tisa. Nilipompelekea kile cha kwanza wodini alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kulikoni.

Makubaliano: akimaliza kipande ananipa mimi. Hiki ni kitabu cha pili cha hadithi hiyo; cha kwanza tulikisoma pamoja nyumbani, yeye akifunua kurasa kabla sijamaliza. Sasa walau nitasoma kwa mwendo wangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemaliza viwili, kati ya mteja na mteja. Nisiseme uongo — kitabu cha kwanza kilikuwa kitamu zaidi. Huku wafalme wanabishana tu. Halafu yule msichana wa hadithi anavuka milima ya barafu, yai la ndege wa moto kalifunga kifuani, na soli hazijatoboka! Barafu yote ile! Nimemwambia mke wangu. Kasema, fundi, wewe kila kitu unakitazama kuanzia chini.

Ila jitu la mawe linalomsindikiza nalipenda. Linatembea polepole makusudi, ili msichana asijione mzito.

Jumamosi, 8 Machi

Cha tano! Nimekisoma nimesimama, gundi ikanikaukia vidoleni. Yai limeanza kugonga kwa ndani. Msichana anaweka sikio. Jitu nalo linainama, linaweka sikio lake la mawe. Ilibidi nifunge kibanda kwa muda. Machozi — sioni haya kuyaandika, humu hasomi mtu.

Jioni nikaweka sikio langu tumboni kwa mke wangu. Katoto kakanipiga teke la shavu.

Jumapili, 9 Machi

Kuna jambo. Nimemwomba mke wangu cha sita, kasema hajamaliza. Lakini mkononi ana cha saba! Na cha sita nakiona, pembe yake imechungulia chini ya mto. Nikaaga. Njiani ndipo nikakasirika. Tangu lini tunafichana?

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu mmoja kaleta viatu kutiwa soli. Kumbe kavisoma vitabu vyote vya hadithi hii. Nikamuuliza huko katikati ya kitabu cha pili kuna nini. Akashusha sauti. Yai linapoa, kasema. Linanyamaza, na msichana bado kalikumbatia.

Soli yake nikaishona kombo, nikaifumua.

Mwaka jana mtoto wetu alinyamaza hivyo hivyo, tumbo likiwa la miezi saba. Mke wangu hakulia mbele yangu. Mimi ndiye niliyelia, yeye akinikorogea uji. Na sasa yuko kule peke yake, amekilalia kile kipande ili mimi nisikione!

Nikaacha viatu vya watu, nikaenda. Nikamwambia, nimeshajua, kitoe. Akabisha, halafu akakitoa. Nikavuta kiti, nikasoma kwa sauti. Akafunua ukurasa kabla sijamaliza, sikugomba. Safari hii kalia yeye. Nikamshika mguu, maana mkono ulikuwa na dripu. Nampenda mwanamke huyu jamani. Nikamuuliza, sasa mbona uliendelea kusoma? Kasema, nilitaka kujua yule msichana anaamkaje kesho yake.

Alhamisi, 13 Machi

Naandikia kwenye benchi la korido. Asubuhi daktari kasema mtoto atolewe leo leo, mapigo yake yamepungua. Wamemsukuma mke wangu na kitanda mpaka chumba cha upasuaji. Mlangoni kanipa cha tisa, hajakigusa. Fundi, kasema, ole wako usome bila mimi.

Sijasoma. Naogopa mno hata kusoma. Nimetoa sindano na uzi wa nta, navishona vipande virudi mahali pake. Muuguzi kapita, kauliza, mzee, kazi mpaka huku? Nikamwambia, hii ni ya nyumbani.

Nimefika cha nane. Cha sita nimekishona mara mbili. Cha tisa kiko mfuko wa shati, na uzi nimeuacha mrefu.

Mtoto analia huko ndani! Sauti nyembamba, ya hasira. Lakini humo wameingizwa akina mama wawili, sijui ni wetu au wa mwenzake. Nimesimama, kitabu kinaning'inia kwenye uzi, hakuna wa kumuuliza. Nimeweka sikio mlangoni —