Kiganja cha Zedekiah

Satellite, Nairobi

Dada yangu Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Kwa unyenyekevu mkubwa, na baada ya mashauriano marefu na nafsi yangu, nakutangazia rasmi kwamba nimeanza kuvaa soksi mbili mbili. Baridi ya huku haina adabu. Natumai wewe, shemeji Sameer na watoto hamjambo, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio ulioyumba wiki hizi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unajua nilivyojisomea hesabu za kukereza chuma kwenye kitabu cha mtumba. Basi karakana ya Bwana Thuo, ninapofanya kazi, ilipata oda ya shafti za pampu kutoka ofisi moja ya Hurlingham, nao wakataka kujua kila shafti itachukua muda gani. Thuo akaniachia mimi. Hesabu yenyewe si ngumu. Chuma kinazunguka mara mia mbili kwa dakika, kama kibati cha mashine kinavyosema. Kila mzunguko kisu kinasogea moja ya tano ya milimita, kwa hiyo kwa dakika kinakula milimita arobaini. Shafti ina milimita mia nne. Nikaandika dakika kumi, nikapiga mstari chini kama hakimu, na Thuo akaituma Hurlingham siku hiyo hiyo.

Shafti ya kwanza ikachukua kumi na mbili. Ya pili, kumi na mbili. Kijishafti nilichokikadiria tano kikachukua sita. Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi ya aina nyingine, dada. Fundi mvivu leo atachelewa sana, kesho kidogo. Huyu, yeyote yule, alichukua fungu lake lile lile kila mara, kwa uaminifu ambao hata watoa zaka wa mtaa huu hawana.

Fundi wetu ni Kitavi, Mkamba mpole. Thuo akaanza kumwandama, akimwita bwana harusi, eti anakwenda kama anayesubiri kupigwa picha. Kitavi akaapa kwamba yeye hachelewi, ila mashine ina mwenyewe. Mwenyewe ni Zedekiah, fundi aliyemtangulia, aliyefariki kwao Vihiga kabla mimi sijaajiriwa. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa na desturi ya kulaza kiganja juu ya gurudumu linalosogeza kisu wakati kisu kinakula, huku akisema chuma hakikimbizwi. Kitavi alikuwa akimsalimu kila asubuhi kabla ya kuwasha. Nilicheka, mpaka siku nilipolitazama lile gurudumu likijizungusha lenyewe, taratibu, kama lenye mkono juu yake.

Mwishowe Thuo akatoa hukumu: Jumamosi shafti ikipita dakika kumi, Kitavi avue ovaroli aende zake. Mkewe, Debra, ana mimba kubwa, na karakana za Kangemi zilikuwa zimeshamwambia hakuna nafasi. Nikaomba sote tusimame mbali, mikono nyuma, mashine ifanye kazi peke yake ili haki ionekane.

Ilikuwa mchana kweupe. Nyuzi za chuma zilijiviringa zikadondoka. Simu ya Thuo ikalia kwamba kumi zimetimia. Kisu kilikuwa bado njiani, kinakuja bila haraka, na gurudumu linazunguka kama linalobembelezwa. Nikasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, kisha nikapiga hesabu upya, kwa mpangilio huo. Thuo akavua kofia. Akainama, akaiambia mashine kwa sauti ya chini kwamba mchango wa mazishi aliutuma, na kama haukufika aulizwe mweka hazina wa kamati.

Kitavi akabaki na kazi yake. Tangu siku hiyo hakuna anayepitisha mkono juu ya gurudumu lile bila kuomba radhi.

Sasa nikueleze ambalo Thuo hajalijua. Jumatatu nilikuwa natafuta namba ya mkanda wa mashine, nikafuta grisi kwenye mota. Mashine hii ilitoka ng'ambo, na mota imeandikwa kwamba ni ya umeme wa mitetemo sitini kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hamsini. Kwa hiyo panapotakiwa mizunguko sita, hapa inazunguka mitano, na chuma na gurudumu la kisu, vinavyovutwa na mota hiyo hiyo, vivyo hivyo. Kile kibati nilichokiamini kinasema kweli, ila kwa nchi nyingine. Aliyekaribia kumfukuzisha Kitavi kazi si marehemu wa Vihiga, ni mimi na mstari wangu.

Nilimwambia Kitavi nikidhani atafurahi. Akauliza kama asubuhi zote zile hapakuwa na aliyemsikia. Nikasema hapakuwa na mtu. Akasema basi karakana hii ni kubwa na tupu kuliko alivyodhani. Kesho yake aliisalimu mashine vilevile, na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia.

Mfikishie shemeji salamu zangu, wabusu watoto, na goti ulikande kwa mafuta ya moto. Usiache kuniombea dua.

Ni mimi nduguyo,
Amin

Nyongeza: Nimewaandikia watu wa Hurlingham kuwaomba radhi na kuwapa dakika kumi na mbili. Wamejibu kwamba wao tangu mwanzo walitutengea kumi na tano.