Mashine ya Urbano

Mpui, Novemba 1994

Mpenzi Baba Herieth,

Dagaa uliotutumia kutoka Kabwe wamefika, na tangu hapo majirani hawaishi kuja kutusalimia. Herieth ameota jino.

Uenyekiti wa kijiji nimeukosa. Urbano alitangaza kuwa nikimshinda, mashine yake ya kusaga, ile iliyokuwa ya kijiji, ataing'oa aipeleke mjini. Mkutanoni watu walinipigia makofi mimi. Kura wakampa yeye.

Hata mama yangu. "Mwanangu, nakupenda, ila mabega haya hayawezi tena kutwanga."

Usimlaumu. Nilimpaka mafuta mabegani, nikajitwisha mahindi yake, nikaenda mashineni. Kwenye foleni walikuwa walewale walionipigia makofi. Wakanipisha nisage wa kwanza.

Ni mimi mkeo, ninayekuwaza,
Justa