Ukurasa wa Tarehe Kumi Desemba

Mwamkulu, Mpanda
Jumapili, 15 Juni 2025

Mdogo wangu Edina,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na shemeji Enoka, na kwamba kile kifua chako cha moshi wa kukaushia samaki kimepungua. Sisi huku tunaamka. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, yakishapata jua anatembea. Kulwa ameongezeka, lile gauni la Krismasi halimwingii tena. Doto yupo. Habari zake ndizo zilizonifanya nikae niandike.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo na kila Jumapili tunaongea. Lakini kwenye simu unauliza, mimi najibu hatujambo, mtandao unakatika, unapiga tena, najibu tena hatujambo. Barua hii anakuletea Bashiru, yule mwenye duka la nyavu hapa mjini anayeshuka huko kwenu Karema kila mwezi. Hajui kilichomo. Bahasha nimeipaka gundi kisha nikaishona kwa uzi mweusi. Ukiikuta ina uzi wa rangi nyingine, muulize yeye.

Nitakueleza kwa tarehe, maana unanijua. Mama bado ananiita karani. Anasema siku akikata roho nitaangalia saa kwanza ndipo nilie. Madaftari yangu yote yapo kwenye begi chini ya kitanda tangu kidato cha pili, kwa hiyo haya ninayokuandikia sikuyatoa kichwani.

Ulituletea watoto Jumapili ya tarehe 18 Agosti mwaka jana, kwa sababu maji ya kambi yenu ya uvuvi si salama. Walikuwa wanakaribia kutimiza miaka mitatu. Ulileta na dumu la mawese. Hilo nalo nikwambie, kwa sababu ulishaniuliza mara mbili kama watoto wanayapenda. Mimi ndiye niliyemwambia Mama kwamba yananuka, kwamba mafuta meupe ya dukani ni masafi zaidi. Mama alibisha kidogo, akasema sisi sote tulikulia mawese na hakuna aliyekufa, halafu akaniachia. Tuliyapikia sabuni. Mwezi wa nne, kule hospitali, mama mmoja wa lishe alituambia kwamba ule wekundu wa mawese ndio uleule uliomo kwenye matone ya vitamini wanayopewa watoto. Kipande kimoja cha sabuni bado kipo juu ya tofali bafuni. Sikitumii.

Kulwa alikula kila kitu, hata matembele yaliyochacha. Doto alichagua. Alikula ugali na mchuzi wa maharage, mboga akiipanga pembeni ya sahani kama anayepalilia. Januari akaharisha wiki tatu. Kwenye daftari nimeandika siku aliyoanza na siku aliyoacha.

Sasa nakunakilia mambo mawili kama yalivyo. Jumatano 5 Februari: Doto kamwaga uji jioni, kapita juu ya sufuria kama haioni. Nimemchapa. Ijumaa 14 Februari: Doto kagonga kinu, katoka damu puani. Kulwa anamcheka, anamwita kuku.

Yapo mengine ya aina hiyo, nimehesabu kumi na moja. Yote ni ya jioni. Mchana alikuwa anakimbia na kuokota hata punje ya mpunga, jua likizama anakaa chini palepale alipo na kungoja mtu amshike mkono. Mimi niliona ni ukaidi. Kulwa ndiye aliyeona sawasawa, maana kuku nao giza likiingia hawaoni. Alikuwa akimshika mkono na kumpeleka ndani huku akimwimbia kuku, kuku, ingia bandani, na Doto alikuwa anaitika kwa kulia kama jogoo. Tukawa tunacheka wote.

Mama ndiye aliyeacha kucheka. Alisema mtoto huyu hafanyi makusudi, na kwamba kwao zamani walikuwa wanampa mtoto wa namna hiyo maini. Akasema kama mimi naona uvivu kumpeleka zahanati atampeleka yeye kwa magoti yake hayohayo. Tukaenda wote Jumatatu ya tarehe 10 Machi. Mganga alifungua kadi ya Doto, akaona tiki ya matone ya Desemba, akaniuliza kama ni tiki ya kweli au ni zile za kujaziwa. Nikamjibu kwamba nimeiweka mwenyewe, siku ile daftari lilikuwa langu. Akacheka, akasema kama ni ya Klementina haina shaka, basi shida si vitamini, tutafute pengine. Akaandika mafuta ya kupaka machoni, akatwambia turudi baada ya wiki mbili.

Hatukufika wiki mbili. Surua ilikuwa imeshaingia mtaani. Jumamosi ya tarehe 22 Machi wote wawili waliamka na homa, siku ya tatu wakatoka vipele. Kulwa alilala siku tano, akaamka anadai chai. Doto macho yalivimba na kufunga. Mama alikuwa akiyaosha kwa pamba na maji ya moto yaliyopoa, yenye chumvi kidogo. Tarehe 27 nilipomfungua jicho la kushoto niliona pale katikati pamekuwa kama ukoko wa uji. Tukapanda bodaboda, mimi, Mama na yeye, mpaka hospitali mjini.

Mengine unayajua, ila si yote. Walimpa matone siku ile, wakampa kesho yake, wakampa tena baada ya wiki mbili. Jicho la kulia lilipona, limebaki na kovu dogo ambalo lazima ulitafute ndipo ulione. La kushoto kioo chake kilikuwa kimeshalainika na kutoboka. Daktari alinieleza kwa utulivu, akanichorea kwenye karatasi. Alisema jicho lile halikuharibika siku moja, lilikuwa limekauka kwa muda mrefu, surua imekuja kumalizia. Aliuliza kama kuna mtu aliona mtoto hafanyi vizuri jioni. Mama alisema ndiyo. Daktari akasema matone hayahaya yangemfaa sana wakati ule.

Kisha akauliza, kama wanavyouliza wote, kama kuna dawa ya kienyeji iliyowekwa machoni. Mama akasema ni maji na chumvi tu. Kulikuwa na wauguzi wawili pale, mmoja akamtazama mwenzake. Tulipokuwa tunatoka, mmoja akasema bibi hawa wanaua watoto kwa majani yao. Alisema taratibu, lakini Mama masikio yake ni mazima.

Jumapili ya tarehe 30 Machi ulipiga simu. Uliniuliza Mama alimwekea mtoto nini. Nikakwambia alimwosha. Ukauliza alimwosha na nini. Mimi nikanyamaza. Hukungoja, ukajijibu mwenyewe. Ulisema mengi siku ile, Edina, na simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu kile kispika cha sikioni cha simu yangu kimeharibika, na Mama alikuwa ameketi hapo hapo anachambua mchele. Ulisema hatamshika tena mtoto wako. Ulisema ukija baada ya mavuno utawachukua wote wawili na huyo wa tumboni hatakuja kumwona. Mama aliendelea kuchambua. Baadaye akaniambia una haki, mtoto aliharibikiwa akiwa mikononi mwake, na kwamba nisikupinge kwa sababu una mimba.

Tangu siku ile hamgusi Doto. Doto akimwita, Mama anamtuma Kulwa. Doto anakwenda kumkalia miguuni, naye anainua mikono juu kama mtu aliyeambiwa asiguse ukuta wenye rangi mbichi.

Sasa nafika nilipokuwa naelekea.

Jumanne ya tarehe 10 Desemba ilikuwa siku ya matone hapa mtaani, chini ya turubai la ofisi. Kama unavyojua, mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, na kazi yangu siku hizo ni daftari. Nesi Zuleha ndiye anayekata kidonge kwa mkasi na kumminyia mtoto mdomoni. Watoto wa juu ya mwaka mmoja wanapewa kidonge chekundu. Asubuhi kabla watu hawajaanza kuja niliandika majina, na wa nyumbani kwangu niliwaandika kwanza, nikawawekea tiki kabisa, daftarini na kwenye kadi. Nilijua watakuja. Niliona napunguza kazi.

Walikuja na Mama saa nne. Kulwa akafungua mdomo. Doto alipouona mkasi aliruka, akatoka nje ya turubai mbio na watu wakacheka. Mtu mmoja akasema huyo atakuwa mbunge, hakamatiki. Mama akaniambia jamani karani, huyu bado. Nikamwambia amwache, nitampa mchana akitulia. Foleni ilikuwa ndefu. Mchana alikuwa amelala, na mimi nilikuwa nimeshasahau.

Jioni tukafunga hesabu. Tulipokea vidonge vyekundu 150. Tiki zilikuwa 118. Vilitakiwa kubaki 32, vikabaki 33. Zuleha alikuwa ameenda kuosha mikono. Nilipitia majina yote kwa kidole, nikijiuliza ni nani hakuja, ni nani alikataa. Majina mawili ya juu kabisa sikuyatazama. Sikuona sababu ya kuyatazama. Mimi sijawahi kurudisha hesabu isiyolingana, Edina. Nilichukua mkasi, nikakata kile cha thelathini na tatu, nikakiminya, nikatupa ganda pamoja na mengine. Mafuta yalidondokea kwenye shajara yangu iliyokuwa wazi mezani, nilipokuwa nimeandika neno moja tu, Yamelingana. Zuleha akarudi, akasaini, akasema natamani wote wangekuwa na mkono wako.

Hapo ningeweza kuishia nikasema sikujua. Siku ile kweli sikujua. Lakini jioni ya tarehe 10 Machi, tuliporudi kutoka zahanati, nilifungua shajara kutafuta ni lini hasa Doto alipata matone, nikaikuta ile karatasi ina doa, nikaona mkasi, turubai, yeye anakimbia. Nilijua palepale. Nilijua pia kwa nini haoni jioni, kwa sababu hayo tulifundishwa semina na nina cheti chake ukutani.

Nilisema kesho nitarudi kwa mganga nimwambie ile tiki ni ya uongo. Kesho yake kulikuwa na kikao cha kata. Keshokutwa nilisema ngoja kwanza mafuta ya kupaka yafanye kazi. Baadaye sikusema kitu. Niliwaza mganga atakavyonitazama, na Zuleha. Kutoka tarehe 10 mpaka tarehe 22 ni siku kumi na mbili. Kila siku nimeandika kitu kwenye shajara. Nimeandika mvua. Nimeandika kikao. Kuhusu macho ya Doto hakuna hata mstari.

Mama hakuweka majani. Aliweka maji na chumvi, na ndiye pekee aliyesema mtoto apelekwe.

Jana nilimwambia. Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuacha. Alimaliza gunzi lile, akachukua lingine, akaniuliza kama nimeliandika na hilo. Nikasema nimeliandika. Akasema basi mpelekee mwenzio asome, mimi sina macho ya kusoma mambo yenu. Leo asubuhi alikuwa amempakata Doto.

Keshokutwa Jumanne ni siku ya matone tena. Kesho nitakwenda kwa Zuleha na daftari lile la Desemba, nitamwonyesha jina la pili kutoka juu. Wakiniachisha, wataniachisha. Doto atakuja kupewa matone yake, Mama ndiye atakayemshika. Mimi nitasimama mbali, kwa sababu akiniona bado anauliza kama nina mkasi.

Nilijaribu kulia nikiwa naandika ukurasa wa pili wa barua hii, haikuja. Sijui ni kwa nini. Nakueleza tu hali ilivyo.

Sikuombi kitu kwa upande wangu. Ninachoomba ni kwamba ukimaliza kusoma umpigie Mama, umpigie kwa namba ya jirani ili mimi nisiwepo. Tangu mapacha wazaliwe watu wote wanakuita Mama Kulwa, kwa sababu Kulwa alitangulia. Kulwa anakusalimu na anasema umletee samaki mwenye kichwa. Doto anakusalimu pia. Anasema yeye anataka asiye na miba. Msalimie sana shemeji Enoka, msomee kama utaona inafaa. Jitunze na hiyo mimba, na huko mliko kuleni mawese.

Nimekuwekea humu ule ukurasa wa tarehe 10 Desemba. Ni mara ya kwanza kuchana karatasi kwenye shajara zangu. Mafuta hayajakauka mpaka leo. Ukiishika karatasi kwenye mwanga wa mlango, pale penye doa utauona mkono wako kwa upande wa pili. Hilo ndilo tone la Doto.

Ni mimi dada yako,
Klementina